Régina na Kuti la Mgomo

Kasongo ni mji wa mpunga, na mtu aliyekulia kwenye mpunga hatambuliwi kwa mavazi, hutambuliwa kwa koo lake. Awe mwalimu, awe mwenye duka, awe karani wa teritware, yaani wilaya, mwenye kalamu tatu mfukoni, utotoni mwake aliamia ndege. Mama yake alimwamsha umande ungali mzito, akampandisha ulingoni na kombeo mkononi, naye akapiga kelele kuwafukuza ndege wasile masuke mpaka sauti ikakauka. Ndipo akaenda shule, miguu ina matope. Wengi wao siku hizi wana diploma na viatu vya kung'aa, na hawapendi kukumbushwa. Watavumilia tu, maana bila hilo habari ya Régina haielezeki.

Régina ni mwanamke wa Kibangubangu, mzaliwa wa upande wa Wamaza, mfupi, mwenye kifua kipana na mdomo usiojua kunong'ona. Mara ya kwanza alifika Kasongo akikimbia risasi, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mara ya pili alikuja kwa hiari yake, kwa kuwa Hippolyte mumewe alikuwa amepata kazi ya kusukuma baiskeli za mafuta ya mawese kwenye barabara ya Kabambare. Chuo kikuu kilipotafuta mtu wa kuangalia shamba la majaribio la kitivo cha kilimo, Régina alikuwa na diploma yake ya shule ya kilimo na mikono isiyoogopa tope, akaajiriwa.

Yaani aliambiwa aanze kazi. Katika nchi hii, kati ya kuajiriwa na kulipwa kuna mto mpana, na daraja lake halijajengwa. Mtu anapewa kazi, anapewa jembe, anapewa na lawama. Matrikile, ile namba ya serikali inayomfanya mfanyakazi ajulikane na kulipwa, anaambiwa aisubiri. Régina alianza kuisubiri binti yake Esther-Divine akiwa anatambaa. Leo Esther-Divine anamshinda mama yake kimo, na matrikile bado iko njiani kutoka Kinshasa, labda inakuja kwa miguu.

Kilichomfanya asiondoke si subira peke yake. Kilikuwa mpunga.

Kule Wamaza kulikuwa na mpunga wa zamani ulioitwa Usiniache. Waliuita hivyo kwa sababu punje zake hazipukutiki hovyo. Hata mvunaji akichelewa, hata akikimbilia porini majuma mawili kwa kuogopa bunduki, anarudi na kuukuta bado umeng'ang'ania suke lake. Lakini ikafika miaka ambayo watu walikaa porini zaidi ya hayo majuma mawili, na njaa ikala mbegu. Waliporudi, Usiniache haikuwa kwa mtu yeyote, isipokuwa kifundo kimoja cha kitambaa ambacho Marguerite, dada mkubwa wa Régina, alikuwa akikitundika juu ya moto kila mahali walipolala, moshi uwazuie fukusi. Marguerite alikuja nacho Kasongo kwa miguu, amekificha kifuani, akakiweka kiganjani mwa mdogo wake.

"Weye unafanya kazi kwa wasomi," alimwambia. "Ukaizalishe huku. Tukiipanda kwetu na wale watu wenye bunduki wakarudia, itakuwa njo mwisho wake."

Régina aliizalisha. Msimu wa kwanza alipata ungo mmoja, msimu wa pili beseni. Msimu wa tatu alipanda yote, hakubakiza hata punje, kwa maana paa la ghala la chuo lilikuwa linavuja na mbegu ambayo ingebaki ingeoza. Mvua ilinyesha vizuri, mpunga ukasimama. Wanawake wa Wamaza wakatuma habari kwamba siku ya mavuno watakuja na vikapu vyao, kila mmoja achukue cha kuanzia. Msimu huo huo ndipo chuo kilipogoma.

Mkutano wa kutangaza mgomo ulifanyika katika ukumbi mkubwa, watu wamejaa hadi madirishani. Aliyesema ni Nourdine, mwakilishi wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi, mwalimu wa hesabu, mrefu, mkavu, mtu wa miwani na maneno machache. Alitoka katika familia za Kiislamu za mjini. Babu yake alikuwa na duka, lakini duka lilikufa, na kilichomsomesha yeye ni mpunga wa mama yake kwenye barabara ya Nyangwe. Nourdine alikuwa na matrikile yake na mshahara wake. Angeweza kukaa kimya, na wengi wa namna yake hukaa kimya.

"Mutazame Mama Régina, yule pale," alisema. "Nani hapa atasema hafanyi kazi? Miaka yote hii, hana matrikile. Na wenzake iko mingi. Basi sisi tunaolipwa tutasimama pamoja nao. Ni greve kavu! Hakuna masomo, hakuna mitihani, hakuna biro, hakuna jembe. Mupaka wapate."

Ukumbi uliruka. Régina alikuwa amesimama juu ya benchi, anapiga vigelegele, machozi yanamtoka kwa furaha, maana hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina lake mbele ya watu namna ile. Lilipofika lile neno la jembe, kigelegele kilimkatikia kooni.

Mpunga ulikuwa umetunga maziwa. Punje bado laini, ukiibonyeza kwa ukucha inatoa maji meupe, na hapo ndipo ndege wanapoupenda kuliko wakati wowote. Shamba la namna hiyo likikosa mtu wa kuamia kwa juma moja, mwenyewe atavuna makapi.

Alimkimbilia Nourdine nje, akampata anafuta miwani yake kwa pindo la shati.

"Shefu, na mupunga?"

"Mupunga gani?"

"Ule wa kwetu. Iko na maziwa. Nikiuacha, ndege wanaumaliza wote. Na mbegu ingine haiko, si kwangu, si Wamaza, si popote."

Nourdine aliivaa miwani yake. Si mtu mbaya, na jambo hilo lilimwuma usoni waziwazi. "Mama Régina, greve ya mwaka ule unaikumbuka? Tuliachia mulango moja tu, biro ya mitihani. Watu wakapitia pale moja moja, greve ikakufa. Weye mwenyewe ulilia. Mutumbwi, tundu ni tundu."

"Ndege hawajui greve, shefu."

"Na serikali haijui mupunga. Vumilia, mama. Ni juu yenu njo tunafanya hii yote."

Neno hilo la mwisho lilimfunga kuliko kamba. Angekuwa anagoma kwa ajili ya Nourdine angebishana naye mpaka jua litue, maana kubishana anakuweza. Lakini watu wenye mishahara walikuwa wameiweka mishahara yao kwenye moto kwa ajili yake. Na yeye ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jioni hiyo wagomaji walitundika makuti ya mchikichi, ambayo wenyewe huyaita ngazi: moja kwenye lango kubwa, moja kwenye ofisi za uongozi, na moja kwenye mlango wa miti wa shamba la mpunga. Huku kwetu kuti bichi likitundikwa njiani halihitaji maandishi. Maana yake njia imefungwa, kuna msiba au kuna neno. Anayelikata amewakosea waliolitundika, naye hutoa kuku kwa kosa lake. Kuku akichinjwa na kuliwa, wanaokula wamesamehe. Asiyekula hajasamehe, na hilo pia kila mtu analiona.

Nyumbani, Hippolyte alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mama Esther, watu wamejitia katika shida juu yako. Sasa weye unataka kutoka kwa mulango wa nyuma?"

"Na yaya Marguerite nitamwambia nini?"

"Mwambie ndege walikula."

Régina aliweka chini mwiko wa bugali. "Watoto wake walilala njaa porini, na ile mbegu iko juu ya kichwa chao, inaning'inia. Hakuipika. Walilia, hakuipika. Nimwambie ndege walikula?"

Hippolyte aliinama tena kwenye pancha yake. 

Siku za mwanzo Régina alitii. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa, alimgombeza Esther-Divine bila sababu, alipika sombe akasahau chumvi. Kisha miguu ikampeleka yenyewe hadi barabarani, akasimama nje ya uzio wa shamba. Alisikia kabla hajaona: ile kelele ya minana wengi wanapokula, chwi-chwi-chwi, kama mafuta yanayokaanga. Kona yote ya juu ilikuwa imeshapauka. Alinyoosha mkono kati ya miti ya uzio, akavuta suke moja. Lilikuwa jepesi, maganda matupu, limepakwa yale maziwa yaliyokauka. Alilia kwa hasira pale barabarani, watu wanapita na vikapu vyao wakimsalimia, naye hakuitikia hata mmoja.

Kesho yake asubuhi, mchana kweupe, alikwenda na panga mkono mmoja na kuku chini ya kwapa.

Wagomaji walikuwa wamekaa kwenye kibanda chao cha majani karibu na mlango wa shamba, pale ambapo wanaweza kuona lango kubwa pia. Nourdine alikuwepo, na Bruno, asista, yaani mwalimu msaidizi, kijana mwenye tumbo lisilolingana na umri wake, na wengine kama kumi. Wote waligeuka walipoliona panga.

"Hodi wenye kufunga njia," alisema Régina, na sauti yake, iliyozoea kuvuka shamba, ikatetemeka. "Ninaenda kukata. Ninajua kama ninakosa. Sikuje kusema niko na haki, haki iko kwenu. Faini yangu ni hii."

Akamfunga kuku kwenye nguzo ya kibanda, akageuka, akalikata kuti kwa pigo moja, akaingia.

Palizuka kelele. Mmoja alisema huyu mama anatutia mchanga kwenye kitumbua chetu. Mwingine alisema avutwe atolewe nje. Nourdine alisimama amegeuka rangi.

"Hii si kesi ya kijiji," alisema. "Hii ni sindika. Hatuwezi kuuza greve kwa kuku."

Bruno ndiye aliyejibu, naye alikuwa anamtazama kuku. "Shefu, ni weye ulisema tutundike ngazi. Ungebandika karatasi, tungefuata sheria ya karatasi. Umetundika ngazi, sheria ya ngazi njo hii. Ameleta."

Hakuna aliyeweza kupinga hilo. Na kuku alikuwa mnono. Kasongo, wakikaa Wakristo na Waislamu pamoja, kisu hupewa Mwislamu ili kila mtu ale, na hapo Mwislamu alikuwa Nourdine. Walimpa kisu. Alichinja vizuri, kwa jina la Mungu, akanawa mikono. Chakula kilipoiva aliketi mbali kidogo, miwani usoni, akasoma gazeti la zamani. Hakuonja hata mchuzi.

Jioni kuti jipya likatundikwa. Asubuhi Régina akarudi, panga na kuku.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi alikata, alifunga kuku nguzoni, alipanda ulingoni. Kutwa nzima sauti yake ilikwenda juu ya mpunga, "Haaa-oo! Haaa-oo!" na kombeo likafuata. Chini kibandani wagomaji walipika, walikula, waliongea kwa sauti ndogo. Nourdine alichinja kila siku na kila siku hakula. Régina alikuwa anatazama kutoka juu, na ile sahani isiyojazwa ilimchoma kuliko jua. Matusi angeyajibu. Mtu anayekuchinjia kuku wako na asiseme neno unamjibu nini?

Na banda la kuku lilizidi kuwa kimya. Hippolyte alihesabu kwa macho, akarudi kwenye baiskeli yake. Mpunga ulianza kuwa mgumu upande wa bondeni. Upande wa juu bado ulikuwa na maziwa.

Kisha ikaja ile taarifa ya redio. Bruno ndiye mwenye redio, na wote waliisikia kibandani: uongozi wa chuo unawatuliza wazazi, hakuna mgomo wa kweli, ni watu wachache wenye siasa zao, kazi zinaendelea, na mtu yeyote akipita barabarani atasikia kwa masikio yake wafanyakazi wako shambani.

Bruno alizima redio. Kuku wa siku hiyo alikuwa nguzoni bado, na hakuna aliyeomba kisu.

Nourdine aliingia shambani kwa mara ya kwanza. Alipita kwenye matuta polepole, suruali yake ikishika umande, akasimama chini ya ulingo.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

"Sina hasira na weye, mama. Nataka ujue hiyo." Aliivua miwani. "Lakini watatushinda na sauti yako. Ile sauti njo wanaonyesha watu. Na wale wenzako wasio na matrikile, wote ambao hawana mupunga wa kulinda, watarudi nyumbani bila kitu."

Aliondoka. Régina alibaki na kombeo mapajani. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira mwilini mwake kama mtu anayetafuta ufunguo, hakuipata. Aliona aibu tu. Alishuka, akamfungua kuku nguzoni. Bruno akamrudisha mkono kwa upole. "Ulishakata, mama. Mwache." Régina akaenda nyumbani mikono mitupu.

Kuku aliyebaki bandani alikuwa mmoja, naye alikuwa anaatamia. Régina alichuchumaa mbele yake. Kuku alimtazama kwa jicho moja, amejitandaza juu ya mayai yake, tayari kudonoa. Angemtoa, mayai yangekufa yote. Lakini hata angekuwa na kuku mia, tangu ile redio kuku hawakuwa tena malipo ya kitu. Alikuwa amewakosea wenzake na kuwalipa faini, lakini kosa likatoka nje ya kijiji, likaenda kwenye redio, mahali ambapo kuku hafiki. Alifikiria Marguerite. Alifikiria mwanamke wa maktaba, asiye na matrikile kama yeye, aliyekuwa akila kuku wake kibandani kwa haya. Mtu mmoja hawezi kumbeba Marguerite begani huku na huyo mwingine begani huku, na kila mmoja anaelekea kwake. Ilimbidi amteremshe mmoja.

Alipoingia ndani Hippolyte aliona uso wake, akamsogezea kiti.

Asubuhi alifika kibandani bila panga, bila kuku. Kuti lilikuwa limetundikwa, bichi, linaning'inia. Wote walimtazama.

"Leo sikati," alisema Régina. "Nimekuja kugoma."

Hakuna aliyepiga makofi. Bruno alisogea kwenye benchi, akampa nafasi, na nafasi hiyo ikawa kati yake na Nourdine. Régina akaketi, mikono kati ya magoti, ameligeuzia shamba mgongo. Mtu akamletea chai. Ilipoa mkononi mwake.

Jua lilipanda kidogo, umande ukaanza kukauka, nao ndio wakati wa ndege. Wakaja. Kwanza wawili watatu, wale wa kupeleleza, wakatua kwenye uzio. Walingoja kelele, kelele haikuja. Ndipo kundi likatoka upande wa mto, jeusi, likazunguka juu ya shamba mara moja, likainama.

Kibandani watu kumi na zaidi walikuwa wanatazama. Mwalimu wa historia aliangalia viatu vyake. Mwanamke wa maktaba aliziba masikio. Régina hakugeuka. Alivuta kitenge chake juu ya kichwa, akajifunika uso kama mtu wa msibani, na mabega yakaanza kumtikisika. Chwi-chwi-chwi. Usiniache ilikuwa inaliwa, na yeye ameketi.

"Haaa-oo!"

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nyembamba, kali, sauti ya mtoto ndani ya mtu mzima. Régina alivua kitenge usoni. Nourdine alikuwa amesimama wima, mdomo wazi, mkono mmoja umeinuliwa hewani kana kwamba umeshika kombeo. Miwani ilikuwa imemwanguka. Kundi lilikuwa limeruka.

Aliutazama mkono wake. Aliushusha. Alifunika mdomo wake kwa kiganja, na uso mzima ukajaa aibu ya mtu aliyekojoa mbele za watu.

"Mimi sikutaka," alisema. "Imetoka tu."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua ilikotoka. Miaka thelathini na zaidi ya shule, hesabu za kila aina, vyeti ukutani, na chini ya yote hayo alikuwa amekaa mtoto wa barabara ya Nyangwe aliyeambiwa na mama yake: ukinyamaza, hatutakula, wala hutasoma. Mtoto huyo hajui sindika.

Na ndege walikuwa wanarudi. Wanarudi daima, ndiyo tabia yao. Nourdine aliwaona, alikaza taya, alishika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili. Safari hii aliyepiga ukelele ni Bruno. Halafu mwalimu wa historia. Halafu mwanamke wa maktaba, aliyekuwa na sauti kuliko wote. Mara kibanda kizima kilikuwa kimesimama kwenye uzio kinapiga kelele, watu wazima na tai zao, wanarusha madongo, wanakohoa, na hakuna hata mmoja aliyevuka kuti. Régina alijaribu kupiga kelele pamoja nao, akashindwa. Alikuwa analia, na safari hii hakuficha.

Waliamia hivyo kutoka nje mpaka jioni, na siku zilizofuata wakapeana zamu. Redio iliporudia maneno yake, Nourdine alikwenda mwenyewe kusema hewani: sauti mnazosikia ni za wagomaji, hakuna anayefundisha, hakuna aliyefungua ofisi, na kama serikali inahesabu kufukuza ndege kuwa ni kazi, basi iwalipe akina mama wote wa Kasongo tangu enzi za mababu. Mji ulicheka. Uongozi haukutaja tena shamba.

Mgomo uliisha kwa namna migomo inavyoisha, yaani kwa ahadi na muhuri. Wachache wamepata matrikile. Régina bado. Lakini siku ya mavuno Marguerite alikuja na wanawake wa Wamaza, akauma punje moja kwa meno ya pembeni, akafumba macho, akasema, "Njo yenyewe," na hakuweza kusema lingine. Kona ya juu ilikuwa imepotea. Iliyobaki iliwatosha wote wa kuanzia.

Ila kuna jambo la kabla ya hayo. Kesho yake baada ya ule ukelele wake, Nourdine alifika kibandani asubuhi amebeba jogoo mwekundu, mkubwa, anayepiga kelele njiani kote. Alimfunga kwenye nguzo, pale pale.

"Nilikosa," aliwaambia wenzake. "Nilitundika ngazi, na mimi njo wa kwanza kuivunja kwa mudomo. Faini yangu ni hii."

Alichinja mwenyewe, akanawa, na nyama ilipoiva aliketi katikati na kunyoosha mkono sahanini kabla ya mtu mwingine. Alikula kipande kimoja polepole, mifupa na yote, wote wakimwangalia. Kisha akaitafuta firigisi ndani ya mchuzi, ile ambayo kwetu huwekewa baba mwenye nyumba na mwanamke haigusi, akaiweka kwenye sahani ya Régina.

Régina aliirudisha nyuma haraka. "Shefu, hapana. Hii si ya mwanamuke."

"Najua," alisema Nourdine. "Ni ya mwenye shamba."

Miaka yote hiyo hakuna karatasi yoyote iliyowahi kumwita hivyo. Régina aliishika firigisi kwa vidole viwili, akaitazama, akaila yote, na wengine kibandani hawakunyoosha mkono sahanini mpaka alipomaliza kutafuna.